Antivairasi ya bure au ya kulipia: kompyuta ya nyumbani inahitaji ipi?

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliozinduliwa mwaka 2015 na ambao hadi siku hiyo ulikuwa bado ukitumika katika kompyuta nyingi za majumbani. Kwa familia zilizonunua kompyuta ambazo zimekwisha kutumika kwingineko, kama zile zinazoingia katika masoko ya ukanda wetu kutoka Ulaya na nchi za Ghuba, hatua hiyo imelipa uzito mpya swali la siku nyingi: je, ni lazima kununua programu ya kuzuia virusi, au zile za bure zinatosha?

Mwenye duka la kompyuta atajibu kwa kuonyesha kisanduku chenye leseni ya mwaka mmoja. Fundi wa mtaani atajibu kwa kuchomeka flashi yake na kuweka programu ile ile bila leseni halali. Jibu la kwanza si la lazima kwa kila nyumba. La pili ni la hatari.

Kwa ufupi, kompyuta ya nyumbani yenye Windows inayopokea masasisho haihitaji antivairasi ya kulipia ili iwe na kinga nzuri. Inahitaji kinga iliyokuja nayo iwe hai, na mwenye nyumba ajue ni mambo gani ambayo hakuna antivairasi yoyote, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kumfanyia. Makala haya yanaeleza sababu, na pia yanataja nyumba ambazo kwao kulipia kuna maana.

Kilichomo ndani ya kompyuta

Wako wanaosema kwamba wao si benki wala wizara, kwa hiyo hakuna atakayehangaika na kompyuta yao. Dhana hiyo inasahau namna virusi vinavyosambazwa. Mwenye kuvitengeneza hamchagui mtu mmoja mmoja. Huvimwaga kwa maelfu kupitia barua pepe, tovuti na flashi, kisha hungoja kuona vimenasa wapi.

Na nyumba ya kawaida ina mengi ya kupoteza. Katika kompyuta moja ya sebuleni huko Nyamirambo mnaweza kuwamo tasnifu ya binti wa chuo kikuu, picha za harusi, daftari la mauzo la baba mwenye duka pamoja na programu ya EBM anayotolea ankara za kodi, na nenosiri la barua pepe ambayo ndiyo mlango wa akaunti nyingine zote, ikiwemo ile ya kuombea vyeti na huduma za serikali kupitia Irembo. Anayeishika barua pepe hiyo anaweza kuomba manenosiri mapya ya akaunti zilizobaki. Anayeyafunga mafaili kwa msimbo anaweza kudai kikombozi.

Mlinzi anafanyaje kazi?

Antivairasi ni programu inayokagua kila faili linaloingia au kufunguliwa. Hutumia njia tatu kuu. Ya kwanza ni orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, kama mlinzi wa getini mwenye picha za wezi waliokwisha kukamatwa. Ya pili ni kutazama mwenendo: programu ambayo jana haikuwepo, na leo imeanza kubadilisha mamia ya nyaraka kwa dakika chache, hutiliwa shaka hata kama sura yake haimo katika orodha. Ya tatu ni kuuliza kwa intaneti: faili lisilojulikana hulinganishwa mara moja na taarifa zilizokusanywa kutoka kompyuta nyingine duniani.

Orodha peke yake haitoshi, kwa kuwa virusi huzaliwa kwa kasi mno. Taasisi ya AV-TEST, yenye makao yake Magdeburg nchini Ujerumani, inasema husajili kila siku zaidi ya programu mpya 450,000 ambazo ni hasidi au zisizotakiwa. Ndiyo maana antivairasi isiyopata masasisho kwa wiki kadhaa hugeuka kuwa mlinzi anayeshika picha za wezi wa mwaka jana.

Kinga ambayo umekwisha kuilipia

Mtu anayenunua kompyuta yenye Windows halali amenunua na antivairasi ndani yake. Tangu toleo la Windows 8 la mwaka 2012, Microsoft imekuwa ikiweka ndani ya mfumo programu kamili ya kuzuia virusi, ambayo leo inaitwa Microsoft Defender. Haina ada ya mwaka, na haihitaji kusajiliwa.

Ushauri wa kwamba programu hiyo haifai kitu, ambao bado husikika kwa mafundi wengi, ulikuwa na msingi wakati fulani. Katika majaribio ya AV-TEST ya miaka ya 2013 na 2014, bidhaa ya Microsoft ya kuzuia virusi ilikuwa mkiani. Hali hiyo imebadilika. Taasisi hiyo hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi wa kompyuta na 6 kwa kutosumbua mtumiaji kwa tahadhari za uongo. Katika miaka ya karibuni Defender imekuwa ikipata mara nyingi alama zote 6 za ulinzi, sawa na bidhaa zinazouzwa.

Kuhakikisha kwamba iko hai ni kazi ya dakika moja. Andika maneno Windows Security katika sehemu ya kutafutia ya kompyuta, fungua programu hiyo, kisha tazama kama ulinzi wa virusi una alama ya kijani. Humo ndani pia mna kipengele cha kulinda folda dhidi ya virusi vya kudai kikombozi. Kipengele hicho huja kikiwa kimezimwa, na wengi hawajui kwamba kipo. Kikiwashwa, programu isiyoaminika huzuiwa kubadilisha nyaraka na picha zako. Wakati mwingine kitaizuia hata programu halali, nawe utalazimika kuiruhusu kwa mkono. Ni usumbufu mdogo ukilinganishwa na hasara inayozuiwa.

Jambo moja la kuzingatia: kompyuta mpya nyingi huja na antivairasi ya majaribio ya siku 30 au zaidi kutoka kampuni nyingine. Inapokuwamo, Defender hujiweka kando, kwa sababu walinzi wawili wanaokagua mafaili yale yale kwa wakati mmoja hugongana na kuifanya kompyuta iwe nzito. Muda wa majaribio unapokwisha, usiache programu hiyo ikae na matangazo yake ya kudai malipo. Ama uilipie, ama uiondoe kabisa, kisha ufungue tena Windows Security uhakikishe kwamba Defender imerudi kazini.

Anayelipa ananunua nini?

Kampuni zinazouza antivairasi haziwadanganyi wateja wao zinaposema toleo la kulipia lina mambo zaidi. Ila mteja hana budi kuyatazama mambo hayo moja baada ya jingine. Katika kampuni nyingi zenye matoleo yote mawili, kama vile Bitdefender, Avast na AVG, kiini cha programu kinachotambua virusi ni kile kile katika la bure na la kulipia. Fedha hununua nyongeza: huduma ya VPN, sanduku la kutunzia manenosiri, udhibiti wa wazazi juu ya kile watoto wanachokitazama, leseni moja kwa vifaa vitano au kumi, na mtu wa kumpigia simu mambo yanapoharibika.

Baadhi ya nyongeza hizo zinapatikana kwingine bila malipo. Vivinjari vya kawaida hutunza manenosiri na huonya kuhusu tovuti nyingi za kilaghai. Windows yenyewe ina udhibiti wa wazazi. Asiyehitaji VPN hana sababu ya kuinunua kwa kuwa tu imefungwa pamoja na antivairasi.

Bei nayo ina mtego wake. Mwaka wa kwanza mara nyingi huuzwa kwa punguzo kubwa, na mwaka wa pili hutozwa kwa bei kamili, ambayo yaweza kuwa maradufu. Aliyelipa kwa kadi ya benki huenda alikubali, bila kusoma, kwamba mkataba ujirudie wenyewe. Anayetaka kununua aulize kwanza bei ya mwaka wa pili, kisha afute ruhusa ya kujirudia mapema.

Bure kwa bei gani?

Upande wa pili, programu ya bure kutoka kampuni ya biashara lazima ilipiwe na mtu fulani. Kwa kawaida hulipiwa na matangazo yanayomhimiza mtumiaji ahamie toleo la kulipia. Lakini imewahi kulipiwa kwa njia nyingine.

Mnamo Januari 2020, waandishi wa habari nchini Marekani walifichua kwamba Avast, kampuni ya Jamhuri ya Czech yenye antivairasi ya bure inayotumiwa na watu wengi mno, ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji wake walizitembelea, na kwamba kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot ilikuwa ikiziuza. Jumpshot ilifungwa mwezi huo huo. Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa za aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Avast ilisema haikubaliani na namna tume ilivyoeleza mambo, ila ilikubali kumaliza kesi. Aprili mwaka huo huo, mamlaka ya ulinzi wa data ya Czech nayo iliitoza kampuni hiyo faini ya koruna milioni 351.

Kisa hicho hakimaanishi kwamba kila programu ya bure inauza siri za watu. Kinachofundisha ni kwamba antivairasi huona kila kitu ndani ya kompyuta, na kwa hiyo swali la nani anayeimiliki na anapata fedha wapi lina uzito sawa na swali la virusi inavyokamata. Rwanda ina Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha, inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria hiyo inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje. Hata hivyo, kwa programu iliyotengenezwa ng'ambo, kinga ya kwanza ni mtumiaji mwenyewe kufungua mipangilio na kuondoa alama ya kukubali kushiriki data, badala ya kubofya kila mara panapoandikwa "Endelea".

Kulipia si dhamana

Asidhani mtu kwamba akilipa ameepuka suala hilo. Tarehe 20 Juni 2024, Wizara ya Biashara ya Marekani ilitangaza marufuku dhidi ya antivairasi ya Kaspersky, kampuni yenye makao yake Moscow, ikisema kwamba serikali ya Urusi inaweza kuitumia kwa manufaa yake. Kaspersky ilikanusha. Mauzo mapya yalikoma Julai, na masasisho yalipigwa marufuku kuanzia tarehe 29 Septemba. Siku chache kabla ya hapo, wateja wengi wa Marekani waliokuwa wamelipa waligundua kwamba programu yao imeondolewa na nyingine iitwayo UltraAV imewekwa mahali pake, bila wao kuiweka kwa mkono.

Marufuku hiyo ni ya Marekani, na haiihusu moja kwa moja nyumba iliyoko Kigali, Bukavu au Bujumbura. Hata hivyo inaonyesha kwamba leseni ya kulipia ni uhusiano wa muda na kampuni ya mbali, na kwamba uhusiano huo unaweza kubadilishwa na watu ambao mteja hatawaona kamwe.

Njia ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote

Mjadala wa bure au kulipia huficha chaguo la tatu, ambalo katika ukanda wetu linatumiwa mno: programu ya kulipia iliyovunjwa leseni. Huwekwa na fundi kwa malipo madogo, au hupakuliwa na kijana wa nyumbani pamoja na kijiprogramu cha kutengeneza namba ya leseni bandia.

Hatari yake iko katika hatua ya kwanza kabisa. Maelekezo ya programu za aina hiyo karibu kila mara huanza kwa kumwambia mtumiaji azime antivairasi yake, kwa madai kwamba itatoa tahadhari ya uongo. Yaani mwenye nyumba anaombwa amfunge kamba mlinzi, kisha amfungulie mlango mtu asiyemjua.

Mfano ulio wazi ni familia ya virusi vya kudai kikombozi inayojulikana kama STOP au Djvu. Imewalenga zaidi watumiaji wa majumbani, na imeenea hasa kupitia programu zilizovunjwa leseni na vitengeneza namba. Ikishaingia, huyafunga mafaili kwa msimbo, huyabadilishia mwisho wa majina, na huacha ujumbe wa kudai dola 980, au nusu yake kwa atakayewasiliana ndani ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bila malipo programu ya kufungulia mafaili ya matoleo mengi ya virusi hivyo. Hata hivyo, kwa wengi walioambukizwa na matoleo yaliyofuata, kompyuta ikiwa imeunganishwa na intaneti, haikuweza kusaidia.

Kwa hiyo yule aliyekwepa kulipa dola chache za leseni anaweza kujikuta akidaiwa mamia ya dola, wala hana hakika kwamba akilipa atarudishiwa chochote. Akitaka msaada, aanzie kwenye mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 kwa ushirikiano wa polisi ya Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Tovuti yake hukusanya funguo zilizokwisha kupatikana na huzitoa bure.

Nyumba isiyo na intaneti kila siku

Ushauri mwingi kuhusu antivairasi huandikwa na watu ambao kompyuta zao hazikatiki intaneti. Nyumba nyingi za ukanda wetu hununua bando la siku au la wiki, na huunganisha kompyuta kupitia simu pale tu inapobidi. Hapo ndipo udhaifu mmoja wa Defender unapojitokeza: inategemea sana ile njia ya tatu, ya kuuliza kwa intaneti. Taasisi ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima pia uwezo wa kutambua virusi bila intaneti, na katika kipimo hicho Defender imekuwa nyuma ya baadhi ya washindani wake, wakiwemo wenye matoleo ya bure.

Hatari ya nyumba kama hiyo huingia zaidi kwa flashi, ile iliyotoka kwa mchapishaji wa nyaraka, shuleni au kwa rafiki. Wengi wamekutana na virusi vinavyoficha folda zote za flashi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mwenye flashi hudhani kazi yake imefutika, na wengine huisafisha yote kwa hasira. Mara nyingi mafaili hayajafutika, yamefichwa tu. Asiyebofya njia hizo za mkato, na asiyeisafisha flashi haraka, ana nafasi nzuri ya kuyapata.

Kwa nyumba ya namna hii, mambo matatu yanafaa. Kwanza, ipe antivairasi masasisho kabla ya kufungua flashi ngeni, si baada yake. Pili, kumbuka kwamba ukiiambia Windows kuwa mtandao wako unalipiwa kwa kiasi, ili kuokoa bando, unaahirisha pia masasisho mengi. Angalau mara moja kwa wiki bonyeza mwenyewe kitufe cha kuyatafuta. Tatu, Microsoft huweka katika tovuti yake faili la masasisho ya Defender linaloweza kupakuliwa ofisini au mahali penye intaneti ya bure, likabebwa nyumbani na kuendeshwa huko. Asiyeweza kufanya hayo anaweza kuchagua antivairasi nyingine iliyofanya vizuri katika kipimo cha bila intaneti. Si lazima iwe ya kulipia.

Windows 10 na somo la WannaCry

Turudi kwenye kompyuta za Windows 10. Microsoft imesema itaendelea kutoa masasisho ya Defender kwa mfumo huo hadi Oktoba 2028. Habari hiyo ni njema, ila isimlaze mtu usingizi. Masasisho ya antivairasi humpa mlinzi picha mpya za wezi. Masasisho ya mfumo wenyewe huziba nyufa za ukuta. Antivairasi ya bei yoyote ile haiwezi kuziba nyufa hizo kwa niaba ya mfumo.

Dunia iliona jambo hilo tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipoenea kwa siku chache katika zaidi ya kompyuta 200,000 za nchi 150 hivi, vikadai dola 300 kwa kila moja na kuvuruga hospitali za Uingereza. Ufa ambao vilipitia ulikuwa umetolewa kiraka na Microsoft tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Kwa sehemu kubwa, waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wamekipokea.

Kwa mwenye Windows 10 leo, zipo njia tatu. Ya kwanza ni kuhamia Windows 11 bila malipo, ikiwa kompyuta inaweza. Mfumo huo hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel kwa kawaida hudai kizazi cha 8 au cha baadaye, jambo linaloziacha nje kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika. Ya pili ni kujiandikisha katika mpango wa Microsoft wa masasisho ya nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Malipo yake ni dola 30, lakini anayekubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake huko hupewa bila kulipa. Ya tatu ni kuweka mfumo wa bure wa jamii ya Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, ambao unatosha kwa anayehitaji kuandika, kusoma na kutumia intaneti tu.

Mwenye kufikiria kununua antivairasi ili kuinusuru kompyuta ya zamani isiyopata masasisho tena ananunua kufuli jipya kwa mlango uliooza.

Nani alipe, nani asilipe?

Mwanafunzi, mzazi au mstaafu mwenye kompyuta moja yenye Windows inayosasishwa, anayetumia programu halali na kuchukua tahadhari na viambatisho vya barua pepe, atumie Defender. Hana cha kununua.

Nyumba isiyo na intaneti mara kwa mara, au yenye flashi nyingi zinazoingia na kutoka, inaweza kuongeza antivairasi ya bure kutoka kampuni inayojulikana, ikapakuliwa kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, huku mipangilio ya kushiriki data ikiwa imezimwa.

Kulipia kuna maana kwa mwenye vifaa vingi vya familia anayetaka kuvisimamia mahali pamoja, kwa mfanyabiashara anayetunza nyumbani taarifa za wateja wake, na kwa yule ambaye hana mtu wa kumsaidia na yuko tayari kulipia msaada wa simu. Hao wanunue leseni halali, wakijua bei ya mwaka wa pili.

Na yeyote yule, akitokewa na dirisha kwenye tovuti linalopiga kelele kwamba kompyuta yake ina virusi na kumtaka apige namba fulani au alipe papo hapo, alifunge. Tahadhari ya kweli hutoka kwa antivairasi iliyomo ndani ya kompyuta. Haitoki kwenye ukurasa wa intaneti, na haina namba ya simu ya kupiga.

Pa kuweka fedha

Lipo jambo moja ambalo antivairasi zote zinashindwa kulifanya: kurudisha kilichopotea. Hata ile yenye alama 6 kati ya 6 hupitwa siku moja, na hata isipopitwa, kompyuta huibwa, huanguka, na diski yake kuu huchakaa.

Kwa hiyo familia iliyokuwa imetenga fedha za leseni ya mwaka, na ambayo haimo katika kundi la wanaohitaji kulipia, ifikirie kununua diski ya nje. Inanunuliwa mara moja, na hutumika kwa miaka. Kila mwisho wa wiki ichomekwe, tasnifu, picha na daftari la duka vinakiliwe, kisha ichomolewe na kuwekwa kabatini. Kuichomoa ndiko kwenye maana, kwa sababu virusi vya kudai kikombozi hufunga pia mafaili ya diski vinavyoikuta imechomekwa. Barua pepe nayo iwekewe uhakiki wa hatua mbili, ambao hautozwi ada.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Katika kompyuta ya nyumbani, sehemu kubwa ya tahadhari hiyo ni masasisho yaliyopokelewa kwa wakati na nakala iliyoko kabatini. Virusi vikipita siku moja, mwenye nakala atapoteza alasiri moja ya kuweka upya kompyuta yake. Asiye nayo atabaki akisoma ujumbe wa kudai dola 980.